Intaneti ya ADSL kukatika simu ikiita

Una ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu ya mezani, na simu ikiita inakatika? Hiyo mara nyingi ni filta, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya simu na soketi. Sauti ya simu inatumia masafa ya chini ya kHz 4, ADSL inaanzia kama kHz 25 kwenda juu, na filta ndiyo inayozuia simu isiingilie huko juu. Kila simu, faksi au kengele ya wizi iliyo kwenye laini hiyo iwekewe yake. Ukisahau moja tu ya chumbani, hujafanya kitu. Modemu usiipitishie filta: ikiwa filta ina matundu mawili, ichomeke penye DSL.

Kisha tazama taa ya DSL. Ikitulia lakini intaneti haipo, kagua jina na nywila za PPPoE (njia ya modemu kujitambulisha kwa kampuni) ulizopewa na kampuni ya intaneti. Ikiendelea kupepesa, chomeka modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza, pale waya unapoingia nyumbani. Ikitulia hapo, ubovu ni wa nyaya zako za ndani. Fungua soketi, huenda ukakuta shaba imeota kutu ya kijani. Kata sentimita 2, menya upya, kaza. Isipotulia, waite mafundi wa kampuni.