Kana ya dharura imekuwa nzito: tatizo ni nini?

SWALI: Boti yetu ya matanga ni ya futi 34, inaongozwa kwa gurudumu. Kabatini tumekuta bomba lenye tundu la mraba. Tumeambiwa ni kana ya dharura, yaani mkono wa kugeuzia usukani gurudumu likishindwa. Tulipoijaribu tukiwa tumetia nanga Matema, Ziwa Nyasa limetulia, watu wawili tulishindwa kuigeuza. Ni fupi mno?
Msomaji, Kyela

JIBU: Msiilaumu kana. Boti ikiwa imesimama, maji hayausukumi usukani, ule ubao ulio majini. Uzito mliousikia umetoka ndani ya boti. Anzeni na breki ya gurudumu, ile skrubu ya mkono ubavuni mwa nguzo inayobeba gurudumu. Watu huikaza wakitia nanga ili gurudumu lisicheze, kisha huisahau. Waya zinazounganisha gurudumu na usukani zikiwa nzima, mnashindana na breki yenu wenyewe.

Breki ikiwa imelegezwa na kana bado nzito, ingieni chini ya sitaha kule tezini, nyuma ya boti, mwangalie kinachoushika mhimili wa usukani, ile fimbo inayozunguka pamoja nao. Kama ni waya, fungueni nati zake kwenye kile chuma cha robo duara, mzitoe. Kama ni haidroliki, mafuta hayana pa kwenda mpaka mfungue vali inayoyapitisha kando. Otopailoti, mtambo unaoongoza boti wenyewe, izimwe. Mkimaliza hayo yote na bado imegoma, bushi za mhimili, zile pete unamozungukia, zimebana. Hapo boti ipandishwe nchi kavu.

Ufupi mtausikia safarini. Kana ya sentimita 40 inadai nguvu mara tatu ya ile ya sentimita 120, ila ndefu hugonga nguzo ya gurudumu. Ndiyo maana nyingine huelekezwa tezini, na hiyo huchanganya: omo, yaani mbele ya boti, hufuata upande unaosukumia kana, kinyume cha kana ya kawaida. Iliyo fupi ifungeni kamba mbili nchani, kila moja ipite kwenye kapi ubavuni hadi winchi, kile kigurudumu cha kuvutia kamba. Na pini inayoshika kana kwenye kichwa cha mhimili isisahaulike. Bila pini kana huruka kwenye wimbi la kwanza.

Waya ukikatika mwera, upepo wa kusini, ukiwa unawasukuma kaskazini, shusheni kwanza tanga kuu, mbakize tanga dogo la omo. Linaivuta boti badala ya kuipindisha, na kana inakuwa nyepesi. Msitegemee sana nanga: chini ya milima ya Livingstone kina huzama ghafla.

Ufunguo wa kifuniko cha sitaha, kile kilicho juu ya kichwa cha mhimili, ufungwe pamoja na kana yenyewe, na nyuzi za skrubu za kifuniko zipakwe grisi. Kifuniko kilichoganda hakifunguki kwa bisibisi usiku.

SWALI: Fundi wetu wa kuchomelea hapa Tukuyu anataka kutengeneza kana kwa bomba la maji la inchi moja. Linafaa?

JIBU: Hapana, litajipinda. Atumie bomba la chuma lenye ukuta mnene, tundu la mraba achomelee pande zote nne. Apime kichwa cha mhimili kwa kalipa, kipimo chenye taya, si kwa futi kamba. Tundu likicheza, kona za kichwa hulika, na hicho hakibadilishwi kirahisi. Ajaribishe botini kabla ya kupaka rangi, na ndani ya tundu asipake kabisa.