Gitaa la baba limepasuka tumbo

SWALI: Jambo sana, Papa Fundi. Marehemu baba aliniachia gitaa alilotengenezewa hapa hapa Lubumbashi na fundi mmoja wa Kamalondo. Ndani, kwa penseli, kumeandikwa 83, na chini yake kuna nyota ndogo. Mwezi wa sita nililitia nyuzi za chuma, maana natafuta mlio wa Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa Katanga. Sasa mbao ya mbele imepasuka kuanzia kwenye daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi, kwenda chini, na daraja lenyewe linanyanyuka. Rafiki ananiambia nimimine gundi ya haraka ndani ya ufa. Nifanye hivyo?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Mwanangu, legeza nyuzi kwanza, zote sita, ndipo uendelee kusoma.

Ile nyota naijua. Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa kufagia maranda katika karakana hiyo, na mzee yule ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuichora nyota kwenye kila gitaa. Alilipiga kwanza, akanyamaza, na likimridhisha ndipo aliomba penseli. Katika miaka mitano niliyokaa kwake niliziona nyota nne tu.

Tazama mgongo wake: ni mulombwa, mti ambao Watanzania wanauita mninga, ule unaotoka utomvu mwekundu kama damu ukiukata. Mbao ya mbele ni ya Ulaya. Mzee aliitoa kwenye sanduku lililoleta mashine za mgodi, akairanda hadi ikabaki milimita mbili na nusu. Kila baada ya kuranda kidogo aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaigonga kwa kifundo, akaisikiliza. Nilidhani anachelewesha kazi. Baadaye, nilipoharibu mbao yangu ya kwanza kwa haraka, nilielewa alichokuwa akikisikiliza.

Mbao nyembamba hivyo ilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Hizo, zikikazwa zote sita, zinavuta kama kilo 40. Za chuma, hata zile nyepesi, zinafika kama kilo 70. Ingiza simu yako kwenye tundu upige picha: utaona mbavu saba, vijiti vilivyobandikwa chini ya mbao ya mbele, zimetandazwa kama ukindu wa kipepeo cha kupepea moto, mpango unaojulikana kwa kazi ya Antonio de Torres, fundi wa magitaa wa Hispania, karne ya 19. Gitaa la nyuzi za chuma kwa kawaida huwa na mbavu mbili nene zinazokatana kama herufi X. Mwenda, aliporekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Anza kuutafuta mlio wake katika vidole hivyo viwili. Nailoni haitakuzuia.

Lakini chuma hakina kosa peke yake. Kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, kinakausha hewa sana, na mbao ikikauka husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ndiyo maana ufa wako umefuata nyuzinyuzi za mti. Daraja lilivutwa, tumbo lilikuwa limekauka, likaachia.

Gundi ya haraka usiiguse, nakuomba. Itaganda ufa ukiwa wazi, na mvua zikirudi mbao itataka kufumba isipate nafasi. Chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, weka ndani sifongo iliyolowa na kukamuliwa vizuri. Kifungie pamoja na gitaa ndani ya kasha lake, mbali na jua, na kila siku uilowanishe tena ikikauka. Baada ya wiki moja au mbili utaona ufa unajifunga. Hapo ndipo gundi ya mbao inaingia, na kwa ndani tunabandika vipande vyembamba vinavyoukata ufa kwa upana ili usifunguke tena.

Daraja lijaribu kwa karatasi: ikipita chini yake, usikazwe hata uzi mmoja mpaka daraja libanduliwe na kubandikwa upya. Kazi hiyo usiifanye nyumbani.

Niletee baada ya sifongo. Mzee alipofunga karakana alinipa mabaki ya lile sanduku, na kipande kimoja bado ninacho juu ya kabati, upana wa kiganja. Vibandiko vya gitaa la baba yako nitavikata humo.