Kambosos hakubahatisha

Ndugu yangu, unasema bondia George Kambosos alimpiga bingwa Teofimo "Teo" Lopez kwa bahati tu. Bahati ya raundi 12? Irudie ile raundi ya kwanza, New York, Novemba 2021. Teo anatoka kwenye kona kama ana basi la kuwahi, anarusha makonde mazito ya kumaliza kazi mapema. Mwenzake ametulia, anasubiri, kisha anamtandika ya kulia na bingwa anakaa chini. Tangu hapo mpango wa Teo ukawa umekwisha, maana nadhani hakuwa na mwingine.

Ni kweli raundi ya 10 alimwangusha Kambosos, na mimi nikajua yamekwisha. Wapi! Jamaa akainuka, raundi ya 11 akarudi kupigana. Majaji wawili wakampa yeye, 115-111 na 115-112, mmoja akampa Teo 114-113. Huyo wa tatu sijui alikuwa anaangalia pambano gani.

Halafu Teo anashika kipaza sauti, uso umechanika, anadai ameshinda raundi 10. Ukumbi ukamzomea.