Pikapu yatetemeka ikikanyagwa mafuta: je, nozeli zishushwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha pikapu ya dizeli yenye bodi ndefu na gia za mkono, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na kazi yake ni kubeba ndoo za asali, na mara nyingine mbao, kutoka vijiji vya Sikonge kwenda Tabora mjini. Tangu kiangazi hiki kianze, kila ninapoondoa gari, hasa likiwa limepakia, linatetemeka chini ya kiti hadi lifike mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, kisha linatulia. Nikiachia mafuta mtetemo unakoma papo hapo. Nikikanyaga tena penye mchanga au mwinuko, unarudi. Usukani hautikisiki, moshi haujabadilika na nguvu haijapungua. Nimenunua matairi mapya na kuyabalansi bila mafanikio, na sasa fundi mmoja ananishauri nozeli zote (zinazopulizia dizeli ndani ya injini) zishushwe. Kabla ya hapo gari lilibadilishwa klachi, na springi za nyuma ziliongezwa bapa moja kila upande. Je, nikubali?
Msomaji, Sikonge

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali kwanza. Maelezo yako yenyewe yameshaondoa nusu ya washukiwa. Tairi lisilo na balansi, au shafti ya propela (chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma) iliyopinda kwa kugonga kisiki, hutetemesha gari kwa kufuata mwendo, na mtetemo huo huendelea hata ukiachia mafuta. Wa kwako unafuata mguu wako. Nozeli mbovu nayo kwa kawaida huandamana na moshi, mlio usio sawa wa injini au upungufu wa nguvu, mambo ambayo unasema hayapo. Ili kujiridhisha, simamisha gari, weka gia huru, pandisha mzunguko wa injini polepole, na ikiwa inapanda bila kutikisika, ziache nozeli zilipo. Fungua tu kizibo cha chini cha filta ya dizeli utoe maji, kazi ambayo haigharimu kitu. Klachi mpya pia naiondoa katika orodha, kwa sababu klachi inayokwaruza hutikisa gari wakati pedali inapoachiliwa, na si katikati ya mwinuko mguu ukiwa mbali nayo.

Kinachobaki ni njia inayopeleka nguvu nyuma, yaani propela, krosi zake (viungo vinavyoiruhusu kukunjika), senta beringi (inayoishika shafti katikati), na pembe ambayo difu (boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma) limekaa. Krosi inapofanya kazi ikiwa imekunjika kwa pembe, haizungushi shafti kwa mwendo ulio sawa: katika kila mzunguko mmoja shafti huharakishwa mara mbili na kucheleweshwa mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, lakini kwa masharti mawili, kwamba pembe za krosi hizo ziwiane, na kwamba uma za shafti zinazozishika zikae katika mstari mmoja. Nina shaka kubwa na sharti la pili. Klachi haibadilishwi bila propela kushushwa, na fundi asiyeweka alama kwa rangi au patasi kabla ya kuchomoa sehemu ya shafti yenye meno inayoteleza anaweza kuirudisha ikiwa imeruka meno kadhaa. Baada ya hapo hata krosi mpya hazitaondoa mtetemo.

Basi liweke gari mahali pagumu na tambarare, zuia magurudumu kwa mawe makubwa mbele na nyuma, weka gia huru, na kama ni lazima kulinyanyua, lisimamie stendi. Jeki peke yake isiaminiwe na mtu aliye chini ya gari. Tazama kwanza mstari wa zile uma. Kisha shika shafti upande mmoja wa krosi na uma upande wa pili, uzungushe kinyume: mchezo (ulegevu) wowote kati yao, au unga wa rangi ya kutu kwenye vikombe vya krosi, maana yake grisi iliisha zamani. (Mchezo mdogo unaosikika ndani ya difu ni wa kawaida, usikuchanganye.) Inua pia shafti kwa mkono karibu na senta beringi, ikiwa mpira wake umechanika, shafti itapanda na kushuka, na hapo mtetemo wa kuondoka na mzigo unaeleweka kabisa, kwa kuwa nguvu kubwa ya injini huisukuma shafti itoke katikati. Vumbi la kiangazi halizihurumii sehemu hizi. Krosi zenye nipo (chuchu za kuingizia grisi) zipigwe grisi mpaka ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne, maana ikitoka viwili tu, viwili vingine bado ni vikavu.

Mauntingi (vishikizo vya mpira na chuma) za injini na giaboksi zikaguliwe kwa macho, mpira usiwe umeachana na chuma.

Nimeziacha springi mwisho kwa makusudi. Bapa la ziada huinua nyuma ya gari na kubadili pembe ya krosi ya difu, ila kosa la namna hiyo kwa kawaida huonekana zaidi gari likiwa tupu, na lako linazidi likiwa limepakia. Hata hivyo kaza yubolti (bolti za umbo la U) zinazofunga springi kwenye ekseli, kwani zikilegea ekseli hujizungusha kidogo kila unapokanyaga mafuta na pembe hubadilika barabarani. Ukishapanga uma na kubadilisha kilichokwisha, lijaribu gari likiwa na mzigo na bila mzigo. Likitetemeka likiwa tupu tu, mwambie fundi aweke kabari ya chuma kati ya springi na ekseli kurekebisha pembe, au aliondoe lile bapa.