Yiguandao ilianzia wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo, niko Taiwan nasoma, mama mwenye nyumba hali nyama kabisa na kwake kuna madhabahu yenye taa inawaka katikati, anasema ni Yiguandao. Hii ni Ubudha au kitu kingine?

JIBU: Marahaba. Ni dini yake yenyewe ndugu yangu, japo wanamheshimu Buddha, wahenga wa China Confucius na Laozi, hata Yesu na Mtume Muhammad. Mkubwa wa wote kwao ni Mama wa Milele, binadamu ni watoto wake waliopotea na anawaita warudi nyumbani, na hapo ndipo roho ya dini yote ilipo. Mizizi yake ni Xiantiandao, dini ya zamani ya Kichina, ila aliyeisambaza China nzima ni Zhang Tianran kuanzia 1930 huko Shandong. Alipofariki 1947 wafuasi wakagawanyika, wengine kwa mke mkubwa Liu, walio wengi kwa mke mwingine Sun Suzhen, halafu wakomunisti wakaipiga marufuku ikakimbilia Taiwan, na huko nako wakawa wanasali kwa kujificha mpaka serikali ilipoiruhusu 1987, inauma kwa kweli. Matawi ni mengi, kama Fayi, Jichu na Baoguang, kila moja na viongozi wake. Muulize huyo mama mwenye nyumba ni wa lipi, muulize kwa adabu tu.