Prosesi iliyoganda ilipona, mysqld ikafa: kwa nini?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina seva ndogo ya Linux, RAM GB 2. Juzi usiku niligandisha prosesi ya bekapu kwa friza ya cgroup (kundi la prosesi linalosimamiwa pamoja) ili isiwasumbue wateja. RAM ikaisha, keneli (kiini cha Linux) ikaua mysqld, yaani seva ya hifadhidata, ile iliyoganda ikabaki nzima. Kumbe keneli haiwezi kuua kilichoganda?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Inaweza, na huua. mysqld yako imeponzwa na ukubwa wake tu. RAM ikikauka, keneli hupiga hesabu: kila prosesi imeshika RAM kiasi gani, ina kiasi gani kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), halafu inaongeza au kupunguza kulingana na oom_score_adj (OOM ni kuishiwa RAM), namba ya kati ya -1000 na 1000 unayoweza kuipanga. Anayeongoza ndiye anayechinjwa. Nani kaleta njaa, nani kalala, hayo haiulizi. Soma /proc/PID/oom_score (PID ni namba ya prosesi) ya hizo mbili utaona mwenyewe.

Ila swali lako limegusa penye utamu. SIGKILL, ishara ya kuua ambayo keneli hutuma, ndiyo hiyohiyo ya kill -9, ni amri tu, na anayeitekeleza ni mhukumiwa mwenyewe: lazima apate zamu kwenye CPU, apite njia ya kutokea ndani ya keneli, ndipo RAM irudi. Aliyegandishwa hapati zamu. Kwenye friza ya zamani, ya cgroup v1, ukipiga kill -9 ishara inakaa mlangoni hadi umgandue. Friza ya v2, iliyokuja na Linux 5.2 mwaka 2019, inamwachia afe akiwa hukohuko. (Usichanganye na aliyesimamishwa kwa SIGSTOP, ishara ya kusimamisha tu, huyo -9 inampata bila shida.)

Sasa fikiria keneli ya zamani imemchagua aliyeganda. Inamtupia ishara, inasubiri afe. Hasikii. Na kwa kuwa mhukumiwa keshapatikana, haitafuti mwingine. Mashine nzima inabaki imeduwaa. Dawa iliyowekwa ni kwamba keneli humgandua mhukumiwa wake kwanza. Anaamshwa ili akafe.

Hata hivyo anaweza kuamka akakwama tena, tuseme anasubiri kufuli lililoshikwa na prosesi nyingine, nayo inasubiri RAM. Kwa ajili hiyo Linux 4.6, mwaka 2016, iliingiza oom_reaper, kazi ya Michal Hocko: uzi (thread) wa keneli unaovuna RAM ya mhukumiwa kabla hajakata roho. Haivuni kila kitu; kumbukumbu anayoshirikiana na wengine inaachwa. Ikijaribu mara 10 ikashindwa, anarukwa, anatafutwa mwingine. Kwenye dmesg yako (orodha ya ujumbe wa keneli) huenda kuna mstari kama huu:

oom_reaper: reaped process 1187 (mysqld), now anon-rss:0kB

Kosa lako hasa ni kudhani kugandisha kunapunguza mzigo wa RAM. Kunapumzisha CPU, RAM aliyoishika anaendelea kuishika. Lipe kundi la bekapu memory.max, yaani kikomo cha RAM, mathalani MB 400, likivuka liuane lenyewe kwa lenyewe. Kwa mysqld weka OOMScoreAdjust=-500 kwenye faili lake la systemd, programu inayoendesha huduma za seva. Usiweke -1000: hapo keneli haiigusi kabisa, na hata ikiwa ndiyo inayovujisha RAM, zitachinjwa prosesi nyingine, kama PHP na nginx, badala yake.