Jibu: Misa ya shukrani Jumapili ya Kwaresima

Tumsifu Yesu Kristo. Umeuliza kwa nini paroko amekataa Misa ya shukrani ya jubilei yenu ya miaka 25 ya ndoa Jumapili ya Kwaresima. Kwanza muulizeni amekataa nini: nia (yaani lile Misa inaloombewa), au sala zenyewe za Misa? Sala za shukrani haziwezi kuchukua nafasi ya zile za Jumapili ya Kwaresima, Majilio wala Pasaka. Nia ni jambo jingine, ila Misa moja ya Jumapili paroko anadaiwa kuwaombea waamini wake wote. Basi ombeni Misa nyingine siku hiyo hiyo. Rahisi zaidi ni Jumamosi asubuhi baada ya Pentekoste, isiyo na sherehe ya kiliturujia (adhimisho kubwa la Kanisa); ahadi mtazirudia baada ya mahubiri. Na kama mfuko umetoboka (keki hizo!), semeni tu: kanuni ya 945 ya Sheria za Kanisa inawahimiza mapadre kuadhimisha kwa nia za waamini hata bila sadaka.